Rubani akienda Ghuba, tumwekee njia ya kurudi

Kila inaposikika kwamba rubani wa Kitanzania amechukuliwa na shirika la ndege la nje, maneno huwa ni yaleyale. Mmoja atasema kijana ameisaliti nchi iliyomlea. Mwingine atataka wenzake wafungwe kwa mikataba mirefu wasipate pa kutokea. Wa tatu atauliza kuna faida gani kumsomesha mtu ambaye mwisho wake ni Doha au Dubai. Hapa Igamba, wilayani Mbozi, ambako mwaka huhesabiwa kwa misimu ya kahawa na mahindi, mjadala huo unaweza kuonekana ni wa watu wa mjini. Lakini mkulima wa Igamba analipa kodi kila anaponunua sabuni, dizeli na muda wa maongezi, na ndege za serikali zinazoruka leo zimenunuliwa kwa fedha za umma. Mwanawe aliye kidato cha pili ana haki ya kutamani urubani sawasawa na mtoto wa Masaki. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza, na tuna wajibu wa kuuliza vizuri. Mimi naamini tumekuwa tukiuliza swali lisilo sahihi. Tunauliza tuwazuieje marubani wasiondoke, wakati tulipaswa kuuliza wakishaondoka watarudije, na watakaporudi watakuta kazi gani. Nchi isiyo na jibu la swali hili la pili itaendelea kupoteza watu hata ikiandika mikataba mikali kiasi gani.

Tuanze na gharama, maana safari ya kwenda nje huanzia hapo. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani wa biashara inadai saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyepitia kozi kamili iliyoidhinishwa. Ndege ndogo ya mafunzo kama Cessna 172 ni nadra kuipata pamoja na mkufunzi kwa chini ya dola 150 za Marekani kwa saa. Piga hesabu: saa 200 ni dola 30,000, na hapo bado hujagusa ada ya nadharia, malazi, mitihani, uchunguzi wa afya wa daraja la kwanza, mafunzo ya ndege ya injini mbili na mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vyombo pale rubani asipoona nje. Kwa familia inayouza kahawa yake kupitia chama cha msingi, hicho ni kiasi ambacho misimu mingi ya mavuno mazuri haiwezi kukifikia, na mkopo wa kawaida wa mwanafunzi haukigusi. Ndiyo maana wanaofika kwenye usukani wa ndege huwa ama ni watoto wa wenye uwezo, ama wachache waliobahatika kufadhiliwa, ama wale ambao ukoo mzima umeuza mashamba na ng'ombe ili wasome Afrika Kusini, Kenya, Ethiopia au Marekani. Kijana wa aina hii ya mwisho harudi na leseni peke yake. Anarudi na deni, na deni hilo litakuwa mezani siku atakayopewa mikataba miwili achague mmoja.

Baada ya leseni huja pengo ambalo wengi nje ya fani hawalijui. Mwenye saa 200 anaruhusiwa kisheria kulipwa kwa kurusha ndege, lakini ni waajiri wachache, na kampuni za bima chache zaidi, watakaomkabidhi abiria. Ili apate leseni ya juu, ile inayomruhusu kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, anahitaji saa 1,500. Saa 1,300 zilizobaki hapo katikati hazifundishwi darasani. Zinapatikana kazini tu. Hapa kwetu zinapatikana zaidi kwenye ndege ndogo za kitalii, zile Cessna Caravan zenye injini moja zinazotoka Arusha au Zanzibar na kutua kwenye viwanja vya vumbi na changarawe vya Serengeti, mara nne au tano kwa siku msimu ukichanganya. Ni shule nzuri kuliko nyingi duniani: upepo wa pembeni, wanyama kwenye njia ya kurukia, joto linalopunguza nguvu ya injini, na rubani mmoja anayeamua kila kitu. Kwa sababu hiyohiyo vijana wa Ulaya na wa kusini mwa Afrika nao huja huku kutafuta saa. Hilo si kosa lao. Linatukumbusha tu kwamba Tanzania nayo ni ughaibuni kwa marubani wa wenzetu, na kwamba Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kumwandaa mzawa atakayeshika nafasi hiyo. Sheria hiyo ingesimamiwa kwa dhati kwenye viti vya Caravan, vijana wengi wenye saa 200 wasingekaa nyumbani miaka miwili wakisubiri simu huku ujuzi unachuja.

Sasa tutazame kinachowavuta. Mwaka 2024 kampuni ya Boeing ilikadiria kwamba dunia itahitaji marubani wapya wapatao 674,000 katika miaka 20 hadi 2043. Hata tukikumbuka kwamba muuza ndege ana sababu ya kukadiria juu, mwelekeo unaonekana. Mashirika ya Ghuba, kama Emirates na Qatar Airways, yamekua mno kuliko idadi ya raia wa nchi zao, kwa hiyo huajiri kutoka kila bara. Mshahara haukatwi kodi ya mapato, nyumba au posho ya nyumba imo, na ada ya shule ya watoto mara nyingi imo. Zaidi ya hayo, urubani ni moja ya kazi zinazovuka mpaka kwa urahisi kuliko zote. Mwalimu au mwanasheria akihama hukuta mtaala mwingine na sheria nyingine. Rubani hukuta ndege ileile, orodha ileile ya ukaguzi kabla ya kuruka, na Kiingereza kilekile cha redio, ambacho Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka akimudu kwa angalau daraja la nne. Ibara ya 33 ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 inazitaka nchi wanachama kutambua leseni za wenzao kwa safari za kimataifa, ilimradi zimetolewa kwa viwango visivyopungua vile vya pamoja. Anayetaka kurusha ndege zilizosajiliwa nchi nyingine itabidi leseni yake ithibitishwe au abadilishe, na Ulaya itamrudisha kwenye mitihani 13 ya nadharia. Njia ipo hata hivyo, na imepigwa lami. Hakuna serikali ya Afrika inayoweza kuifunga.

Turudi nyumbani tuone kinachowasukuma, maana mvuto peke yake haumtoi mtu kwao. Air Tanzania ilizaliwa Machi 1977 baada ya East African Airways kuvunjika, ikadhoofika kwa miaka mingi, kisha ikafufuliwa kuanzia Septemba 2016 zilipowasili ndege mbili za Q400. Julai 2018 ikaja Dreamliner, mwisho wa mwaka huo ikaja Airbus A220, mwaka 2023 zikafuata Boeing 767 ya mizigo na 737 MAX 9. Ni hatua ambayo nchi nyingi jirani zingeitamani, na nasema hivyo kwa moyo mweupe. Lakini kwa rubani, aina tano za ndege kwenye shirika dogo zina maana yake. Kila aina inadai mafunzo yake maalumu na ukaguzi wake kwenye simuleta mara mbili kwa mwaka, na rubani wa Q400 hawezi kuamka asubuhi akarusha Dreamliner. Aina moja ikisimama, kundi lake lote la marubani linasimama nayo. Ndivyo ilivyotokea kuanzia mwaka 2022, ndege za A220 zilipokaa chini kwa sababu ya hitilafu za injini za Pratt & Whitney, tatizo lililoyakumba mashirika mengine duniani pia. Rubani asiyeruka haongezi saa, na akipita siku 90 bila kuruka na kutua mara tatu haruhusiwi kubeba abiria hadi afanye tena zoezi hilo. Kijana mwenye miaka 30, mwenye deni, anayeona saa zake zimeganda, hahitaji kushawishiwa sana.

Wapo wanaosema dawa ni rahisi: tuwalipe kama wanavyolipwa Ghuba. Nawaelewa, na naunga mkono mishahara inayolingana na uzito wa kazi. Lakini ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, zinaonyesha kwamba hasara ya Air Tanzania ilipanda kutoka Sh bilioni 56.64 mwaka wa fedha 2022/23 hadi Sh bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Shirika lenye hesabu hizo haliwezi kushindana kwa mshahara na mashirika yenye ndege za masafa marefu kwa mamia, na likijaribu, atakayelipa ni yuleyule mnunuzi wa sabuni na dizeli wa Igamba. Kenya, yenye shirika kongwe na kubwa kuliko letu, haijaushinda mtihani huu. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma kwa siku kadhaa, na miongoni mwa madai yao ulikuwa mfuko wao wa akiba ya uzeeni, hadi mahakama ilipowaamuru warudi kazini. Mgogoro kama huo haumalizwi kwa kupandisha mshahara mara moja. Rubani anaangalia pia kama ahadi inatimizwa, kama uzeeni atakuwa na kitu, na kama miaka kumi ijayo atakuwa amepiga hatua.

Wengine wanapendekeza nguvu. Afungwe mkataba wa miaka mingi, anyimwe barua ya kuthibitisha saa zake, apewe muda mrefu wa notisi. Jambo hili limejaribiwa. Mwaka 2017 mamlaka ya anga ya India iliweka kanuni kwamba kapteni anayetaka kuhama atoe notisi ya mwaka mzima, na rubani msaidizi miezi sita. Miaka sita baadaye, mwaka 2023, marubani 43 wa shirika changa la Akasa waliondoka bila kumaliza notisi, safari nyingi zikafutwa, na shirika likakimbilia mahakamani. Kanuni ilikuwepo, karatasi zilikuwa zimesainiwa, na marubani waliondoka hata hivyo. Sababu ni kwamba kizuizi kirefu kinamfanya mtu aanze kutafuta pa kutokea mapema, na akishatoka hataki tena kugeuka nyuma. Kwa nchi yenye marubani wachache kama yetu, adhabu ya namna hiyo ina hasara mara mbili: inampoteza leo, na inafunga mlango ambao angeutumia akiwa na miaka 45 na saa 10,000 kichwani.

Pamoja na hayo, hoja ya mlipakodi ni nzito, na haifai kuipuuza. Kama umma umemlipia mtu mafunzo ya mamilioni ya shilingi, umma una haki ya kupata kitu. Jibu la haki ni mkataba wa kulitumikia shirika unaolingana na gharama iliyotumika, unaopungua kila mwaka anaofanya kazi, na unaoweza kulipwa na mwajiri mpya. Rubani aliyegharamiwa mafunzo ya aina ya ndege kwa mkataba wa miaka mitatu akiondoka baada ya miwili, theluthi iliyobaki ilipwe, na shirika linalomchukua ndilo lilipe. Hapa serikali yetu ina kazi ya kidiplomasia ambayo sijaona ikipewa uzito. Kwa madaktari na wauguzi, Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2010 mwongozo wa maadili ya kuajiri wahudumu wa afya kimataifa, unaozitaka nchi tajiri zisizikamue nchi zenye upungufu. Mwongozo huo hauna meno ya kisheria, lakini umezipa nchi maskini lugha ya kudai. Urubani hauna hata hicho. Mataifa ya Afrika yakiwa pamoja ndani ya ICAO yangeweza kudai utaratibu wa namna hiyo: anayevuna rubani aliyelelewa na mwingine achangie kitalu kilichomwotesha.

Historia ya wenzetu wa Ethiopia inaonyesha kwamba suala hili linahitaji uvumilivu wa kujenga. Ethiopian Airlines ilianzishwa mwishoni mwa mwaka 1945 kwa mkataba na shirika la Marekani la TWA, na marubani wake wa mwanzo walikuwa wageni. Ilichukua hadi mwaka 1957 kwa Alemayehu Abebe kuwa Mwethiopia wa kwanza kushika ukapteni wa safari ya abiria, na hadi mwaka 1971 kwa Semret Medhane kuwa meneja mkuu wa kwanza mzalendo. Katika miaka hiyo walijenga chuo, karakana na desturi ya kupandishana vyeo, na leo chuo chao cha Addis Ababa kinafundisha vijana wa nchi nyingi za Afrika. Marubani wa Ethiopia nao huondoka kwenda Ghuba. Tofauti ni kwamba nyuma ya kila anayeondoka yupo mwingine aliyekwisha kuandaliwa. Sisi tulikuwa na nafasi kama hiyo. Mwaka 1971, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifungua chuo cha urubani Soroti, Uganda, kwa ajili ya nchi zote tatu. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 chuo kikabaki Uganda, na Tanzania ikaanza kutegemea kuwatuma vijana wake nje hata kwa mafunzo ya awali. Sasa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, kinajengewa uwezo wa kufundisha urubani kupitia mradi wa EASTRIP unaogharamiwa na Benki ya Dunia. Hiyo ni habari njema kuliko ununuzi wa ndege yoyote, lakini chuo hakifundishi chenyewe. Kinahitaji wakufunzi wenye saa nyingi, na hapo tunarudi kwa wale walioko nje.

Ukweli ambao lawama zetu huusahau ni kwamba ughaibuni wa Ghuba una mwisho. Nchi hizo hazitoi uraia kwa wafanyakazi wa kigeni isipokuwa kwa nadra, na haki ya kuishi kule inategemea kazi. Mkataba ukikatika, familia inafungasha. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga anga, mashirika makubwa ya huko yaliwapunguza marubani kwa mamia, na waliokuwa na nyumba, mikopo na watoto shuleni walijikuta wanahesabu siku za viza. Hata asiyepunguzwa atafika miaka 65, umri ambao kwa kanuni za ICAO ndio kikomo cha kurusha safari za kimataifa za abiria. Wengine afya huwatoa mapema zaidi, kwa kuwa leseni haifanyi kazi bila cheti cha daktari, na tatizo dogo la moyo au la macho linaweza kumaliza kazi ya miaka 20 kwa asubuhi moja. Watu hawa wanarudi. Wengi wao hawajawahi kuacha uraia wao, wamejenga Mbeya, Moshi au Kigamboni, na wazazi wao bado wako vijijini. Wanarudi na ujuzi ambao nchi haiwezi kuununua sokoni, kisha hawapati mlango wa kuingilia.

Na mlango huo tunauhitaji sasa kuliko wakati wowote. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuingia anga lake, na Juni 2025 ukaiongeza orodha hiyo kwa mashirika yote yaliyopewa vyeti Tanzania. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni upungufu mkubwa wa wataalamu wenye sifa katika usimamizi na udhaifu katika ukaguzi wa uendeshaji na wa ubora wa ndege. Tuzisome sababu hizo kwa utulivu, bila kukimbilia kusema tunaonewa. Marufuku hayo yanayahusu mashirika. Hayamfutii rubani leseni yake. Lakini yanagusa heshima ya sahihi ya mamlaka iliyoitoa, na mwajiri wa nje anayechagua kati ya vijana wawili ataiona. Dawa ya upungufu wa wakaguzi ni wakaguzi. Mkaguzi mzuri wa uendeshaji wa ndege ni mtu aliyekaa muda mrefu kwenye chumba cha rubani cha shirika linalofuata utaratibu, aliyezoea kukaguliwa, anayejua tofauti ya kitabu cha mwongozo kilichoandikwa ili kifuatwe na kile kilichoandikwa ili kipambe kabati. Watu wa namna hiyo Tanzania inao. Baadhi yao leo wanakula chakula cha jioni Abu Dhabi.

Nitaulizwa: je, kuwakaribisha waliokwenda si kuwadharau waliobaki? Wale walioruka Q400 kwenda Songwe, Bukoba na Mpanda miaka yote hii, kwa mshahara mdogo, wapishe kiti kwa aliyetoka Ghuba na sanduku jipya? Pingamizi hili ni la haki, na sera yoyote isiyolijibu itazaa chuki kazini. Kwa hiyo tuweke mipaka. Anayerudi asiruke foleni ya vyeo vya waliobaki kwenye shirika. Ukapteni ufuate zamu na sifa. Nafasi zake za kwanza ziwe zile ambazo waliobaki hawazitoshelezi kwa idadi: ukufunzi NIT, ukaguzi Mamlaka ya Usafiri wa Anga, uchunguzi wa ajali, mafunzo ya simuleta, ushauri wa usalama kwa kampuni ndogo za kitalii. Mamlaka ipewe uwezo wa kuajiri kwa mikataba ya muda, hata ya miezi michache kwa mwaka, ili rubani aliye bado nje atumie sehemu ya likizo yake kufundisha nyumbani. Vilevile anayetaka kwenda apewe likizo bila malipo ya miaka kadhaa, kwa maandishi, akijua zamu yake inamsubiri mahali fulani. Aliyebaki naye afaidike: akijua kwamba na yeye anaweza kwenda miaka mitano na kurudi, hatalazimika kutoroka.

Sisi wa mkoa huu wa Songwe tunaweza kuwaonyesha wengine maana ya mpango huo. Pale Tunduma, malori ya kwenda Zambia na Kongo yalikuwa yakikaa foleni kwa siku nyingi, yakikaguliwa upande huu kisha yakikaguliwa upya Nakonde, upande wa Zambia. Kilicholeta nafuu ni kituo cha huduma za pamoja, ambapo nchi mbili zinakubali wakaguzi wao wakae mezani pamoja. Hakuna aliyefikiri kwamba kumzuia dereva asivuke kungeijenga Tunduma, mji ulioishi kwa kuvuka. Leseni za marubani zinahitaji akili hiyohiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, na kanuni za nchi wanachama zimeoanishwa kwa kiasi kikubwa. Soko la pamoja limeanza tangu Julai 2010. Rubani wa Kitanzania anayepata saa zake Nairobi, Kigali au Entebbe angepaswa kuhesabiwa kama yuko nyumbani, na saa hizo zitambuliwe bila kumzungusha ofisi hadi ofisi. Na kwa kuwa kutoka Tunduma hadi Lusaka na kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni umbali unaokaribiana, takriban kilomita 1,000 kila upande, sioni kwa nini kijana wa Songwe asiweze kusoma Zambia kwa makubaliano ya nchi mbili pale ambapo ni nafuu kwake.

Linabaki suala la nani atapata nafasi. Mpango wa kuwaachia marubani waende na warudi utakuwa wa watoto wa wachache kama mlango wa kuingilia utabaki mwembamba. Naomba uwepo mfuko wa mikopo ya urubani, wenye dhamana ya serikali, unaotoa fedha kwa awamu kadiri mwanafunzi anavyofaulu, na unaorejeshwa kwa asilimia ya mshahara popote duniani anapofanya kazi. Kwa mkopo wa namna hiyo, rubani aliyeko Doha anageuka kuwa mlipaji mzuri kuliko wote, na marejesho yake yanamsomesha mwingine. Sehemu ya nafasi itengwe kwa mikoa isiyo na historia ya urubani, kwa ushindani wa wazi wa hisabati, fizikia na Kiingereza, na shule za sekondari zipelekewe taarifa mapema, kabla mwanafunzi hajachagua tahasusi isiyomfikisha huko. Na kwa kuwa matapeli hufuata matumaini, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, uutangazie umma njia za kuwahakiki mawakala wa kazi za nje. Mzazi anayeombwa fedha za "nafasi ya urubani Uarabuni" ajue kwamba mwajiri wa kweli humpima rubani kwenye simuleta na kumhoji, na wala hamuuzii kiti.

Kwa hiyo ninachokidai kinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja, na Wizara ya Uchukuzi inaweza kuanza nacho kwenye bajeti ijayo. Mkataba wa utumishi unaopungua kadiri mtu anavyotumika na unaolipika na mwajiri mpya. Likizo bila malipo yenye zamu inayotunzwa. Daftari la marubani wa Kitanzania walioko nje, lenye aina za ndege zao na utayari wao wa kufundisha au kukagua. Ajira za muda kwa ajili yao NIT na kwenye mamlaka ya anga. Usimamizi wa kweli wa mpango wa urithishaji kwenye viti vya marubani wageni. Mkopo unaomfikia mtoto wa mkulima. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachogharimu bei ya injini ya ndege, na kila kimoja kinapunguza upungufu ambao Ulaya imetuandikia. Mbunge atakayekuja kutuomba kura Mbozi kwa kutaja ndege mpya, tumuulize ni marubani wangapi wamerudi, wanafundisha wapi, na ni wangapi kati ya wanafunzi wao wametoka shule zetu za kata.